Kopo la Lami Nisiloliandika Jina

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanikatia keki, na kabla sijafika mlangoni mkanidai kurasa chache. Mlitaka niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya kukagua shampuu, sabuni na krimu, niwaachie nilichojifunza. Nimezunguka na ombi lenu wiki tatu. Ripoti zangu zote niliziandika kwa Kiarabu na Kiingereza, zikasomwa na watu wenye haraka. Hii naiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa nyote watatu mmelelewa nacho majumbani kwenu kama mimi, na kwa kuwa kuna jambo moja ambalo kwa Kiarabu nimekuwa nikiliruka kila nikisimulia.

Vyeo na mishahara nitaviacha. Vipo kwenye faili, na faili halijawahi kumfundisha mtu kazi.

Nilianzia Jidda, mtaa wa Al-Hamra, kwenye kliniki ndogo ya ngozi. Watu wakisikia Al-Hamra hudhani nilikuwa natazama bahari. Chumba chetu cha kuchanganyia dawa kilikuwa upande wa nyuma, hakina dirisha, na feni yake ilizunguka pale ilipojisikia. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya mapinduzi ya sitini na nne. Mimi nilizaliwa Jidda, nikasoma Jidda, na bado nilihitaji kafili wa kunidhamini sawasawa na aliyeshuka ndegeni jana. Kafili wangu akawa mwenye kliniki. Ikama yangu, yaani karatasi ya ukaazi, ilikuwa chini yake, na ya mama yangu mjane ilining'inia kwenye yangu. Likumbukeni hilo, maana lina kazi yake mbele.

Mwalimu wangu alikuwa mfamasia wa Kisudani, Ustadhi Bakri, mtu mrefu, mpole, mwenye koti jeupe lililopigwa madoa ya kahawia kwenye mikono yote miwili. Siku ya kwanza hakunionyesha choo kiko wapi wala saa ya chakula. Alinipa kopo, akaniambia nifungue, ninuse.

"Inanuka barabara mpya," nikasema.

"Ni ndugu yake," akajibu. "Hii ni lami ya makaa ya mawe. Wanayaoka makaa ndani ya tanuri bila hewa. Kinachobaki kigumu kinakwenda kuyeyushia chuma, na kinachotiririka ndicho hiki. Wakakisafisha, kikawa dawa. Yalla, vaa glavu."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mizani ndogo, bamba la marumaru, na visu viwili vipana visivyo na makali. Unaweka tone la lami juu ya marumaru, unaliponda pamoja na unga wa zinki mpaka uchoke, halafu unaingiza mafuta ya mgando kidogo kidogo, ukiyapinda na kuyakunjua. Ukiwa na pupa, madonge. Mchanganyiko wangu wa kwanza Ustadhi aliurudisha mara tatu. Mara ya nne akaupaka nyuma ya mkono wake, akautazama chini ya taa, akasema unafaa kupewa adui. Mara ya sita ukafaa kupewa mgonjwa. Lami ikikuingia kwenye ngozi usikimbilie sabuni. Anza na mafuta ya kula, sugua, ndipo sabuni ifuate. Hilo hamtalikuta kwenye kitabu cha mafunzo, na litawaokolea nguo nyingi.

Dawa ile ilikuwa hasa kwa watu wenye soriasisi, ngozi inayofanya magamba, inawasha na kupasuka. Niliona wanaume wakubwa wakiingia wamejifunika kwa aibu, na baada ya wiki kadhaa wakirudi mikono iko wazi kama watu wengine. Niliipenda kazi mapema. Lakini nilikuwa nimesikia maneno, na siku moja nikamuuliza Ustadhi kama si kweli kwamba lami inaleta saratani.

Aliweka kisu chini. "Waliopata saratani ni wale waliofanya kazi ndani ya lami, viwandani, wakaishika na kuivuta miaka na miaka. Mgonjwa anayepakwa kidogo, kwa muda, mbele ya macho ya daktari, hatujaona kwake balaa lile. Lakini 'hatujaona' si sawa na 'hakuna', ya binti. Kwa hiyo hii ni dawa. Si kipodozi. Ukiikuta imejificha ndani ya kitu cha urembo, uliza nani kaitia na kwa nini hakusema."

Akaendelea kunipa makatazo: isipakwe usoni wala kwenye kidonda, isipakwe mtoto mchanga, na aliyepakwa asikae juani, kwa sababu ngozi yenye lami huungua kwa jua haraka mno. Yote hayo yaandikwe juu ya kopo. Ustadhi alikuwa radhi mgonjwa agombe kuliko kopo litoke mezani bila jina la dawa, jina la mwenyewe, pa kupaka na pa kutopaka. Kauli yake ilikuwa moja: "Mafi jina, mafi dawa." Hakuna jina, hakuna dawa. Nilikuwa namcheka kimoyomoyo.

Mgonjwa wangu wa karibu kuliko wote alikuwa Mama. Alikuwa na magamba kichwani tangu ujana, alijikuna mpaka mto ukawa na damu, na alikwisha kujaribu mafuta ya kila mtu aliyetoka Umra na kila jirani mwenye ushauri. Daktari wetu, mwanamke wa Kishami asiyependa maneno mengi, alimtazama, akamwandikia lami. Nikaichanganya kwa mikono yangu. Haukupita muda akaenda harusini, akavua mtandio mbele ya wanawake wenzake, akakaa hivyo mpaka mwisho. Aliporudi alinibusu mikono yote miwili, na ilikuwa bado inanuka. Sijawahi kupewa cheti kikubwa kuliko kile.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliruka.

Dawa ya Mama ilipokwisha nilimchanganyia nyingine. Ilikuwa mwisho wa kazi, gari la kunirudisha nyumbani lilikuwa linapiga honi, nami nilikuwa na mimba kubwa na miguu imevimba. Nikaitia dawa kwenye kopo tupu la krimu ya mikono, nikalitupia mkobani. Sikuandika kitu. Nilijiambia dawa ni ya mama yangu, mchanganyaji ni mimi, aniandikie nani na nimwandikie nani. Mama akaliweka kwenye rafu yake, pamoja na udi, wanja na mvuje.

Mvuje mnaujua. Kwa asiyeujua, ni utomvu wenye uvundo mkali ambao bibi zetu humpaka mtoto mchanga ili jicho la hasidi na shetani wasimsogelee. Mvuje wa Jidda Mama hakuuamini. Alisubiri ule unaoletwa na watu wa Unguja wanapokuja Umra. Nasra alipozaliwa, arobaini ikaisha na likizo ikaisha, nikarudi kazini, mtoto akabaki na bibi yake. Nilikwenda kazini nimetulia kabisa. Hakuna mtu duniani niliyemwamini zaidi ya Mama.

Asubuhi moja jirani aliingia, akamtazama Nasra akasema, "Mtoto mnono huyu, macho haya!" Hakusema mashaallah. Alipoondoka, Mama akakimbilia kwenye rafu, mvuje umekwisha, na watu wa Umra bado wiki mbili. Jicho lake likatua kwenye lile kopo. Jeusi, linanata, linanuka kuliko mvuje wenyewe. Kwa Mama lile lilikuwa kopo la dawa nzuri iliyotengenezwa na mwanawe, na kama ni uvundo unaomfukuza shetani, pale alikuwa ameupata. Akampaka mjukuu wake kipaji cha uso, nyuma ya masikio na kwenye nyayo. Akafanya hivyo siku hadi siku, mimi nikiwa kazini, na kabla sijarudi alikuwa amemwogesha kwa maji na liwa, ule msandali uliosagwa, harufu ikafunikwa. Tena kila asubuhi alimpandisha darini kumwotesha jua, kama yeye mwenyewe alivyooteshwa, ili mifupa ikaze.

Jua la Jidda halihitaji kusaidiwa. Siku ya tatu niliona wekundu kidogo, nikadhani ni joto. Siku ya nne mtoto alikuwa na malengelenge kwenye kipaji na nyuma ya masikio, analia kwa sauti ambayo sikuijua. Tukamkimbiza kliniki kwetu.

Daktari akauliza amepakwa nini. Mama hakujua Kiarabu cha kutosha, akaniambia mimi, "Mwambie mvuje, kama watoto wote." Aliona haya kusema ulikwisha akatumia kingine mbele ya daktari wa watu. Nikatafsiri. Daktari hakuwa na habari ya mvuje, akaamua ni maambukizi makali ya ngozi, akaanza kuandika mtoto alazwe, atiwe sindano. Nikainama kumpokea Nasra kutoka mikononi mwa Mama, uso wangu ukagusa nywele zake. Nikanusa barabara mpya.

Nilinyamaza. Haikuwa dakika nzima, lakini nilinyamaza, na hicho ndicho nikionacho haya mpaka leo. Niliona mbele yangu mwenye kliniki akiniita, akiuliza dawa ya lami ilitokaje kliniki kwake bila lebo. Nikaona ikama yangu ikifutwa na ya Mama ikifuata, na sisi wawili na mtoto uwanja wa ndege, mume wangu akibaki kwa kafili wake, tukirudishwa nchi ambayo mimi sijawahi kuiona. Daktari alikuwa amefika mstari wa mwisho wa karatasi yake.

"Daktari, acha kuandika," nikasema. "Ni lami. Niliichanganya mimi, nikaitoa bila jina. Na mtoto ameoteshwa jua."

Alinitazama, akaikunja karatasi, akaamuru taa kali izimwe na pazia lishushwe. Tukamsafisha Nasra kwa mafuta, taratibu, halafu kwa maji ya uvuguvugu. Kama si neno lile angechomwa sindano za ugonjwa asiokuwa nao, na bibi yake angeendelea kumpaka na kumpandisha darini. Malengelenge yalipoa siku baada ya siku. Alhamdulillahi, ngozi ya mtoto husamehe upesi.

Ustadhi Bakri alikuwa na daftari la makosa, la kweli, lililoandikwa kwa wino. Aliandika kosa lote bila kulipamba, akaandika jina langu, na chini yake akaandika la kwake. Mwenye kliniki alipokuja kufoka, Ustadhi alisimama.

"Aliyemfundisha ni mimi," alisema. "Na aliyesema ukweli ni yeye. Ukimwondoa, anza na mimi."

Bosi akatutazama, akapiga hesabu ya nani atabaki wa kuchanganya dawa, akasema halas, yameisha, lisirudiwe. Nimekutana na watu wengi wema katika kazi hii na nawashukuru wote, lakini mkono ulioandika jina la pili kwenye daftari lile ndio ulionilea mpaka nikastaafu. Namwombea kila siku.

Nyumbani mambo hayakwisha hivyo. Nilimweleza Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe nimempaka mjukuu wangu lami." Akainuka, akalifunga lile kopo kwenye gazeti, akalitupa. Tangu siku hiyo hakuitaka tena lami kichwani mwake, magamba yakarudi, na mto ukarudi kuwa na damu. Na jambo la pili, hakumpaka tena mtoto chochote. Alimpikia, alimshonea, alimfundisha kusoma, alimbeba mgongoni. Lakini kumpaka mafuta, kumkanda, kumsuka nywele, vitu ambavyo bibi wa kwetu ndivyo anavyojivunia, mikono yake ilikataa. Nasra akitaka kusukwa alitumwa kwangu au kwa majirani.

"Kosa ni langu, Mama," nilimwambia mara nyingi. "Mimi ndiye sikuandika."

"Macho ninayo, mwanangu. Na pua ninayo," alinijibu, mara zote hivyo hivyo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ustadhi ndiye aliyeniuliza Mama anasoma nini. Nikasema anasoma Kurani, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wote. "Basi mwandikie hivyo," akasema. Nikaanza kuandika lebo za namna hiyo kwa wazee wetu wa Jidda, na baadaye za herufi za kizungu kwa akina dada wa Kenya waliokuja kufanya kazi za nyumbani. Hakuna sheria iliyonitaka. Ilinichukua dakika mbili kwa kila kopo, na nawasihi nanyi mzipate dakika hizo.

Kliniki ilipofungwa Ustadhi alirudi kwao Sudani, na mume wangu akahamishiwa kazi Riyadh. Tukahama wote, Mama na Nasra pia, nami nikapata kazi kwenye kampuni yetu hii inayoingiza vipodozi. Marumaru na visu nikaviaga. Sasa kazi yangu ikawa kusoma lebo, kusoma karatasi za viwanda, na kupeleka sampuli kwenye mashine ile inayochora kila kiungo kama mlima. Lami ya makaa ina majina mengi kwenye lebo, mengine ya Kilatini, yakaririni yote. Nchi nyingine zimeikataza kabisa kwenye vipodozi, nyingine zinairuhusu kwa kipimo kidogo kwenye shampuu ya mba inayouzwa kama dawa. Mkienda Al-Dirah, kwa wauza dawa za asili, mtaonyeshwa pia lami ya miti, na muuzaji ataapa ni kitu kimoja. Si kimoja. Ya miti inanuka moshi wa kuni. Pua haitoshi kuandikia ripoti, lakini inakwambia wapi pa kuanzia.

Ilikuwa huko huko Al-Dirah, dukani nikinunua sampuli, nilipokutana na Phanice. Nilikuwa nazungumza na Nasra kwenye simu, nikahisi mtu amesimama karibu mno.

"Samahani mum, wewe ni wa Mombasa?"

"Wa Unguja, wa Jidda, na sasa wa hapa. Sema, mwanangu."

Alikuwa mwanamke wa makamo, Mluhya, anafanya kazi kwenye nyumba moja Al-Malqa, na madam wake alikuwa duka la pili akichagua vitambaa. Alikunja mikono ya gauni. Ngozi ilikuwa nyekundu, imebabuka kuanzia vidoleni mpaka viwiko.

"Madam alinipea mafuta ya nywele, ati yeye hapendi hiyo smell. Mimi nikaona, si mafuta ni mafuta? Nikapaka mikono. Hii hewa ya Riyadh inakausha mtu vibaya."

"Na nguo unaanika wapi?"

"Juu kwa roof. Asubuhi yote niko huko."

Chupa ilikuwa mkobani mwake. Lebo ilisema mafuta meusi ya asili, ya kuondoa mba. Nilifungua kifuniko, na sikuhitaji kuvuta pumzi mara mbili. Nikamwomba niondoke nayo. Akairudisha mkobani.

"Hapana mum. Akiikosa atasema nimeiuza. Na ikama yangu iko kwake."

Nilimwelewa zaidi ya alivyodhani. Nikavuka mpaka duka la pili, nikamsalimia madam, nikajitambulisha, nikamwambia kwamba nyumba yake ina bahati ya kuwa na mtu makini, amegundua mafuta yenye matatizo kabla hayajamdhuru yeye na watoto. Madam alishtuka. Jioni alituma chupa nyingine mbili alizokuwa nazo, akampeleka Phanice kwa daktari, na nasikia mpaka leo anawasimulia wageni jinsi yeye alivyoyagundua mafuta yale. Aendelee tu.

Mashine ilichora mlima pale nilipoutarajia. Lami ya makaa, haikutajwa popote. Tatizo ni kwamba mafuta yale yaliingizwa na kampuni yetu wenyewe, na karatasi ya kuyapitisha ilikuwa na sahihi yangu. Niliiamini karatasi ya kiwanda, sikupima. Bosi wetu, mtu mzuri, aliniambia kosa ni la kiwanda, niandike hivyo, niache yangu.

"Kiwanda kilidanganya, na mimi nilikubali," nikamwambia. "Tuandike yote mawili."

Safari hii sikunyamaza hata kidogo. Ripoti ikaenda na jina langu mstari wa kwanza, chupa zikaondolewa madukani, na utaratibu wa kupima kila kitu cheusi chenye harufu, ambao najua mnaulalamikia, ulianza siku ile. Mkitaka kumlaumu mtu, mnajua pa kunipata.

Phanice alipopona alipata ruhusa Ijumaa moja, akaja nyumbani kunishukuru. Alikuja na chapati alizopika mwenyewe, madam wake akamleta kwa gari. Hii ilikuwa wiki chache tu kabla hamjaniaga. Tulikaa sebuleni: mimi, Mama ambaye sasa ni mzee sana, na Nasra, mwalimu wa shule, mtu mzima mwenye maneno yake. Mama alikuwa anajikuna, kama kawaida, kitambaa chake kina madoa. Dawa nyingine tulizompa zilimpa nafuu ndogo, kisha zikaacha kufanya kazi. Daktari wake wa Riyadh alikuwa amemwandikia tena lami, nikaileta, ikakaa kabatini haijafunguliwa.

Phanice alimtazama kitambo, akanigeukia. "Mum, wewe unapima chupa za watu wote. Na huyu wa kwako anajikuna tu hivi?"

Nasra akasema, "Mimi pia nimeuliza tangu utotoni. Kuna nini na dawa ile?"

Ndipo nikasema. Nasra alikuwa hajui. Sikuwahi kumwambia, na Mama asingeweza. Nikasimulia kopo, mvuje, jua, na kunyamaza kwangu mbele ya daktari. Mama aliinamisha uso muda wote. Nilipomaliza, Nasra alikwenda kabatini, akarudi na kopo, akavaa glavu zangu. Kopo nilikuwa nimeliandika kwa herufi za Kiarabu, akalisoma kwa sauti ya darasani: "Lami ya dawa. Ya Mama. Kichwani tu. Si ya mtoto. Usikae juani." Akasimama nyuma ya kiti.

"Bibi, lete kichwa."

"Usiiguse hiyo, Nasra. Ndiyo iliyokuunguza."

"Nimesikia. Basi mimi na hii tunafahamiana. Lete kichwa."

"Mwanangu, mimi niliku..."

"Mtoto mwenyewe ndiye huyu, na anasema hana ugomvi. Vua kitambaa."

Mama alinitazama. Akavua kitambaa. Nasra akagawanya nywele nyeupe kwa mkia wa kitana, akapaka juu ya magamba tu, hakuvuka mpaka, akahamia mstari unaofuata. Phanice alishika kioo ingawa hakuna aliyekitazama. Kazi ilikwenda pole pole, na mikono ya Mama ilikaa mapajani, imefumbana, mpaka mstari wa mwisho.

Nasra alipokuwa anavua glavu, Mama akauliza, "Mafuta ya nazi yako wapi?"

"Jikoni."

"Nileteeni."

Nikaleta. Alimimina kidogo kiganjani, akanusa. Akamnusisha Nasra. Akamnusisha na Phanice. Alipokuwa na hakika, akaonyesha mkeka mbele ya miguu yake.

"Kaa hapa. Nywele zimekukauka, watu watasema huna kwenu."

Mwalimu mzima wa shule akashuka chini, akakaa katikati ya magoti ya bibi yake. Mikono ya Mama ilisimama juu ya kichwa kile kidogo, halafu ikashuka kwenye nywele.

Nikasema nakwenda kuchemsha chai, ambayo hakuna aliyeiomba. Phanice alinifuata, akanikuta nimesimama mbele ya jiko linalowaka, birika tupu juu yake. Alilishusha, akalijaza maji, akalirudisha motoni.